Ufunguo anao nani?



Wiki hii hatuzungumzii shela wala singo. Tunajua wapo wanaosubiri tumalizie yale mambo ya mikono ya gauni la nikaha, inshaallah yatakuja. Leo tuna jambo limetukaa kooni tangu Mfunguo Mosi, na kila tukikaa kwenye cherehani linarudi. Ni habari ya nyumba. Nyumba ya mzazi, na huu mtindo wa kumwandikia mtoto mmoja, mara nyingi wa kiume, mara nyingi kimya kimya, na mara nyingi pale anapokaribia kuoa.

Rai yetu tuitoe mapema, ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke nayo. Mzazi akiwa mzima wa mwili na akili ana haki ya kumpa mwanawe nyumba yake, na hakuna mtoto wa kumshika mkono. Lakini ikitolewa, itolewe mchana kweupe, watoto wote wamekaa, na kabla ya kalamu kushikwa paulizwe swali moja: binti akiachika, atarudi wapi?

Tuanze na pini.

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, wanawake watupu, tunashona nguo za harusi katika duka dogo ambalo zamani lilikuwa la kinyozi. Kaka yetu ni mmoja tu. Wasomaji wa siku nyingi mnatujua: skuli tuliishia Kidato cha Nne, tukasomea ushoni, tukaanza na cherehani moja ya mguu, leo alhamdulillah tunazo nne za umeme. Kaka alipopata mchumba tulifurahi kama mawifi wanavyofurahi, yaani kwa jicho moja. Gauni tukasema ni zawadi yetu, asilipe hata senti.

Bi harusi alikuja kulijaribu mara ya pili, Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Mdogo wetu alikuwa amepiga magoti sakafuni anashikiza pindo, pini sita au saba ziko mdomoni. Wifi yetu mtarajiwa anajitazama kwenye kioo, ana furaha zake, anahadithia. Jiko la uani atalivunja, ataweka la ndani lenye makabati. Ukumbi ataupaka rangi ya maziwa. Na kile chumba cha nyuma, cha uani, kinafaa kuwa stoo.

Tukamuuliza, stoo ya nyumba gani?

"Ya kwetu. Si Mama ameshamwandikia? Karatasi imeshatiwa saini."

Chumba hicho cha uani ndicho analala mdogo wetu na wanawe wawili, tangu alipoachwa mwaka juzi. Na ndiye huyo aliyekuwa chini, pini mdomoni, asingeweza kusema hata kama angetaka. Alimaliza pindo lote mpaka nyuma, akainuka, akatema pini kwenye kiganja, akamwambia mwenzake, "Haya geuka tukuone." Pindo lile limenyooka kuliko pindo lolote lililowahi kutoka dukani kwetu.

Bi harusi hana kosa, na hili tunataka lieleweke kabla hatujaenda mbali. Yeye ameambiwa nyumba ni yake, anapanga jiko lake. Ungekuwa wewe ungepanga pazia pia. Wazee wake walipopokea posa waliuliza binti yetu atakaa wapi, na hilo ni swali la haki, tena zuri. Kosa lilikuwa kwenye jibu. Katika dini yetu maskani ya mke ni juu ya mume. Si juu ya mama mkwe. Na maskani haina maana ya hati ya nyumba. Vyumba viwili vya kupanga Fuoni, vyenye sitara na mlango unaofungika, ni maskani. Mwanamume anayemtuma mama yake atoe nyumba ili yeye apate kuoa, amechukua wajibu wake amemtwisha mjane au mtalaka wa miaka sitini. Hatumsemi kaka yetu peke yake. Dukani kwetu wanapita mabibi harusi wengi, na kila ukiuliza mtakaa wapi, utasikia: kwao mume, mama yake anatupa nyumba.

Mama mwenyewe anakwenda wapi? Hapo utaona watu wanatazama viatu vyao.

Sasa tuwaeleze nyumba yenyewe. Iko Kwamtipura. Vyumba vinne, ukumbi, msana wa mbele, ua wenye kisima ambacho sasa kimefunikwa kwa zege. Mama aliijenga mwenyewe. Aliachwa na baba yetu akiwa na watoto wanne, mdogo wetu bado ananyonya, akarudi kwao Makunduchi. Babu akamfungulia chumba, hakumuuliza utakaa mpaka lini. Alikaa miaka mitano. Kisha akaja mjini, akauza vitumbua asubuhi na mikate ya kumimina jioni, akacheza upatu, na bati za mwanzo zilinunuliwa kwa zamu yake ya upatu. Tuliingia nyumba haina milango, tulitundika kanga. Mpaka leo tukisikia harufu ya saruji mbichi tunakumbuka tulivyolala wote kwenye mkeka mmoja, tunaogopa popo.

Kwa hiyo nyumba ni yake, si ya urithi wala ya mume. Hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, na tutalirudia.

Usiku ule tulimwendea. Tukiri kosa letu: tulimsemesha Mama kama mtu anayedaiwa. Tulikuwa watatu, tumesimama, yeye amekaa kwenye jamvi anachambua mchele. Alituacha tumalize. Kisha akasema, "Mnanigawia na mimi mzima?"

Neno lile lilituchoma, kwa sababu ni kweli. Hatukuwa na haki yoyote juu ya nyumba ile. Mtoto hana fungu katika mali ya mzazi aliye hai. Yupo binti anayesema "haki yangu ya urithi" na mama yake yuko jikoni anakaanga samaki. Huyo anachokisema hakipo bado. Mama alitueleza sababu zake, nazo si za kipuuzi. Kaka ndiye anayelipa umeme na maji mwaka wa sita sasa. Ametia madirisha ya alumini, ametandika vigae ukumbini, kwa pesa zake. Aliogopa upande wa bi harusi wasije wakaghairi. Na sababu ya mwisho, aliyoisema kama jambo lisilohitaji kuelezwa: "Nyinyi mna waume."

Mashoga, hapa ndipo rai yetu yote inaposimama. Wawili kati yetu tuna waume, Allah awahifadhi. Wa tatu alikuwa naye. Mume ni neema, lakini si anwani ya kudumu, na kisiwani hapa nani asiyejua hilo? Talaka inatamkwa kwa pumzi moja. Mwanamke anatoka na begi, kitanda cha mahari kama alikuwa nacho, na watoto. Anarudi kwao. Neno lenyewe "kwao" linabeba kila kitu: kuna mahali ambapo hahitaji kubisha hodi. Ukishaihaulisha nyumba ile kwa kaka, kwao hapapo tena. Pana nyumba ya kaka, na ndani yake pana mke wa kaka, mwenye haki zake kamili, tena mwenye haki ya kukataa kuishi na wifi. Binti amekuwa mgeni. Anaoga baada ya wenyewe, anapika kwa zamu, mtoto wake akivunja glasi anamchapa kwa nguvu zaidi ili asikike anamchapa.

Mdogo wetu hakuwa amesema neno tangu tuingie. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, wewe uliporudi, ulirudi wapi?"

Mama akaweka ungo chini, akasema anakwenda kutawadha. Isha bado ilikuwa mbali.

Baada ya wiki tukamwita mjomba, na mjomba akaja na sheikh anayemwamini, tukakaa msanani siku ya Ijumaa baada ya sala, kaka yetu naye akiwepo, na mchumba wake hakuitwa, na tulifanya vibaya kutomwita. Tunayoandika hapa ndiyo tuliyoyasikia msanani pale. Sisi ni mafundi nguo, si wanavyuoni, na kila mwenye jambo lake akamuulize anayejua.

Sheikh aliisoma karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, ina muhuri wa mtu mwenye meza mjini, ina mashahidi wawili, wote rafiki za kaka. Akaikunja. Akauliza, "Ufunguo anao nani?"

Mama akashika pindo la kanga, akaufungua ufunguo uliofungwa fundo, akauonesha. Ndipo tulipofundishwa.

Kumpa mtu mali ukiwa hai ni hiba. Hiba ina kutoa, ina kukubali, na ina kukabidhi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu hapa tunayafuata, mali haihami mpaka ikabidhiwe, na nyumba hukabidhiwa kwa mtoaji kuondoa vyake, kutoka, na kutoa ufunguo. Mama bado amelala chumbani kwake, vyombo vyake kabatini, ufunguo kanga yake. Hajatoa kitu, ametia saini nia. Sheikh akatusimulia kisa cha Abu Bakr na binti yake Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yao. Alikuwa amempa tende za shambani kwake, wasaki 20. Alipolala kitandani mwa mauti akamwambia kwamba lau angezivuna na kuzichukua zingekuwa zake, lakini kwa kuwa hakuzichukua, leo zimekuwa mali ya warithi wote, kaka zake wawili na dada zake wawili. Fikirini: baba anampenda binti huyu kuliko watu wote baada yake, amemuahidi, anataka awe nazo, na bado anazirudisha kwa wote. Sisi ndio tutaona tabu kuchana karatasi?

Akatusimulia na kisa kingine, na hiki kila mwanamke akiweke kichwani. Baba yake Nuuman bin Bashir alitaka kumpa mwanawe huyo zawadi peke yake. Mama wa mtoto, Amra binti Rawaha, akasema haridhiki mpaka Mtume, rehema na amani zimshukie, awe shahidi. Baba akaenda. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akasema hapana. Akaambiwa amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto wake, akarudi akaichukua zawadi yake. Tukisimuliwa kisa hiki huwa tunasikia habari ya baba. Sheikh alituonesha yule mama. Mtoto ni wake, faida ni ya mwanawe, na bado alikataa jambo lipite gizani; alitaka litoke hadharani, na lilipotoka hadharani likaonekana lilivyo.

Kuna jambo tulikuwa hatulijui kabisa na tunadhani wengi hamlijui. Katika mirathi mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, hilo limo katika Surat An-Nisaa aya ya 11 na hatuna mjadala nalo. Lakini zawadi ya mzazi aliye hai si mirathi. Wanavyuoni wetu wa Shafii wanasema iliyo sunna ni kuwasawazisha watoto, wa kiume na wa kike sawasawa, na kumpendelea mmoja bila ya sababu ni karaha. Wapo wengine, kama Mahanbali, waliosema igawiwe kama mirathi, viwili kwa kimoja. Hakuna katika hao aliyesema mmoja achukue nyumba nzima na watatu wasubiri dua. Kwa hesabu ya mirathi, Mama akiondoka leo, Allah amuweke, nyumba ingekuwa mafungu 5: kaka mawili, sisi moja moja. Tuseme ina thamani ya shilingi milioni 50. Kaka milioni 20, kila mmoja wetu milioni 10. Tunamwambia kaka yeyote anayetusoma: mafungu mawili umepewa na Mola wako, chukua kwa raha. Usiyatake yote matano kwa kalamu.

Mjomba akauliza, je, Mama akiandika wasia tu, kwamba akifa nyumba ni ya kaka? Haifai hivyo hivyo. Wasia hauzidi thuluthi ya mali, na haupitishwi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie baada ya kifo. Na hiba inayotolewa mtu akiwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Kwa hiyo wale mnaomshika mzee mkono hospitalini aweke dole gumba, mnajisumbua, na mnamsumbua yeye saa ambayo anahitaji shahada. Na tusidhani ni kaka tu wanaofanya hivi. Tunawajua mabinti waliomuuguza mama miaka mitatu, wakamwosha, wakamlisha kwa kijiko, halafu wakatoa karatasi chini ya mto siku ya hitma. Kuuguza kuna malipo yake kwa Allah, na mzazi akitaka kumzidishia aliyemuuguza au mwenye shida zaidi, wanavyuoni wanaona hiyo ni sababu. Ila aseme mwenyewe, akiwa mzima, mbele ya wengine. Siri ndiyo inayouma. Ndugu anaweza kusamehe nyumba; hasamehi kwamba alikuwa anachinja kuku wa hitma na wenzake wanajua asilolijua.

Sasa lile tulilosema tutalirudia. Nyumba yetu ilikuwa ya Mama, basi ana uwezo wa kuitoa. Nyumba nyingi tunazoziona zinahaulishwa na mama si zake. Zilikuwa za baba. Baba alifariki mwaka wa nyuma sana, watu wakaona aibu kugawa, mama akabaki humo amekaa eda yake miezi minne na siku kumi na akaendelea kukaa, na baada ya miaka ishirini anamwandikia mtoto wa mwisho "nyumba yangu". Mashoga, mjane mwenye watoto ana thumuni. Sehemu moja katika nane. Saba zilizobaki zilikuwa na wenyewe tangu siku ile ya mazishi: watoto wote, na kama bibi mzaa baba alikuwa hai basi na yeye alikuwa na sudusi yake. Anayetoa asichomiliki hajatoa. Kabla hamjakaa kupanga nani apewe, kaeni mjue kwanza ya nani. Mirathi ya zamani inaweza kupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakaigawa, na likizuka zogo ipo Mahkama ya Kadhi. Kuchelewa si haramu ya kufungwa jela, lakini kila mwaka unaopita anakufa mrithi mmoja na anaacha warithi wanane, na nyumba ya vyumba vinne inakuwa na wenyewe arubaini.

Na upande wa serikali pia tusifanye mchezo. Hapa Zanzibar ardhi ni ya umma. Mtu ana haki ya kuitumia, na hiyo imeelezwa katika sheria ya ardhi ya mwaka 1992. Unapohaulisha, unahaulisha jengo pamoja na haki hiyo, na lazima sheha ajue na ofisi za ardhi zipitishe. Karatasi ya mezani kwa mtu hailindi hata huyo aliyeandikiwa. Bi harusi aliyevunja jiko kwa karatasi kama ile, akatia vigae na makabati kwa pesa za kidau chake, siku mama mkwe akifariki atakuta mawifi watatu mlangoni, na pesa zake zimo ukutani.

Kaka yetu alikaa kimya muda wote, amejiinamia. Aliposema, alisema jambo moja tu: madirisha je? Alikuwa na haki. Hatukuwa tumemshukuru hata siku moja. Tulikuwa tunakuja Ijumaa tunakaa kwenye vigae vyake, feni yake inatupepea, tunakunywa chai, tunaondoka.

Kisha Sheikh akataja la Zubayr bin Awwam, mtoto wa shangazi yake Mtume. Zubayr aliziweka nyumba zake wakfu, na akaweka sharti kwamba binti yake aliyeachika akae humo, asidhuru wala asidhuriwe, na akishapata mume wa kumtosheleza basi hana haki humo. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita mwanamume yule, shujaa wa vita, tajiri, alikaa akalifikiria begi la binti yake aliyeachwa. Mdogo wetu alikuwa anamimina chai. Tulimuona ameshika birika hewani, kikombe kimejaa, hamimini wala haliweki chini.

Mama akauliza, "Huyo Zubayr alikuwa na mabinti wengi?" Sheikh akacheka, akasema alikuwa nao.

Msijidanganye kwamba tulitoka pale tunakumbatiana. Mama aliichana karatasi mwenyewe, si kwa furaha. Alisema tumemfanya aonekane muongo kwa watu wa mwanamke. Kaka akapanga vyumba viwili Fuoni, harusi ikasogezwa wiki tatu. Pesa alizotia nyumbani tulikaa na risiti zake tukazihesabu, shilingi milioni 3 na laki 4, zikaandikwa kuwa ni deni juu ya nyumba, Mama akaweka saini na sisi watatu tukaweka, kwa sababu deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Umeme na maji sasa tunachanga wanne. Hilo tungelifanya tangu zamani na labda karatasi isingeandikwa.

Gauni lilivaliwa na pindo lake. Wifi yetu alikuwa mzuri mashaallah, picha mmeziona. Lakini salamu zake kwetu mpaka leo ni za mkato, na hatumlaumu. Aliahidiwa nyumba, akapewa kodi ya mwezi. Tumemwalika mara mbili, amekuja mara moja. Kama yupo msomaji aliyewahi kumrudisha wifi wa namna hii, atuandikie.

Mabibi harusi wetu mnaokuja kupimwa, tutawauliza sasa, msitukasirikie. Mkiambiwa mmepewa nyumba, ulizeni ni ya nani kwa hakika, mama mtoaji atalala wapi, na mawifi wanajua. Ukiona sauti zinashushwa, panga vyumba viwili. Na mama zetu mnaosoma kwa simu za watoto: mkitaka kumpa mmoja, mpeni, ni mali yenu, lakini waiteni wote, na wape wengine kinachokaribiana, hata kama ni kiwanja cha shamba au bangili. Mkitaka kubaki na chumba chenu, basi msijifanye mmetoa. Nyumba iliyotolewa nusu ndiyo mbaya kuliko zote: mama anaamuru kama mwenyewe, mkwe anaamuru kama mwenyewe, na mtoto wa kiume anakula chakula mara mbili kila usiku ili asimkosee mmoja.

Kuhusu chumba cha uani, Mama amesema atakwenda na mjomba pale Kamisheni kuuliza habari ya wakfu, kama anaweza kukiwekea sharti la Zubayr. Alisema baada ya masika. Masika yamekwisha, sasa anasema baada ya Maulidi. Hatumharakishi. Mdogo wetu amekipaka chokaa, ametia taa mpya, na cherehani yake ya zamani ya mguu iko pale dirishani, usiku anashona sare za skuli. Mama hufunga mlango wa mbele saa nne, anaizungusha komeo, na ufunguo anaufunga palepale kwenye pindo la kanga.